Dhahabu ya Kilwa Ndani ya Wikendi ya Lisbon

Kama una rafiki aliyehamia London au Berlin, Lisbon unaijua tayari. Umeiona kwenye simu yake. Tremu ya manjano ikijikokota kupanda mlima. Kuta zilizobandikwa vigae vya buluu na nyeupe. Kikeki cha mayai na maziwa kiitwacho pastel de nata, juu kimeungua kidogo, na kando yake kahawa kwenye kikombe cha saizi ya kidoli. Kila orodha ya miji ya Ulaya ya kwenda kwa siku tatu huitaja Lisbon, na sababu ni za kweli. Jua lipo, bei hazikaushi mfuko kama za Paris, wenyeji hawana haraka, na sehemu kubwa ya mji unaweza kuitembea kwa miguu, mradi magoti yako bado ni mazima, maana mji umekaa juu ya vilima na vilima vyenyewe si vya mchezo.

Wenzetu hutua Ijumaa jioni, na Jumapili usiku wako kwao. Kwetu Nairobi hiyo si wikendi, ni mradi. Kuna ada ya viza ya Schengen, euro 90 ambazo hurudishiwi hata ukinyimwa. Kuna taarifa za benki, barua ya mwajiri, hoteli uliyokwisha kuiweka, na maelezo ya kuonyesha kwamba una sababu za kutosha za kurudi Kenya. Yaani kabla ya kwenda unaombwa uthibitishe kwa maandishi kwamba hutakaa.

Hilo la kutokaa limenifanya niwaze. Ukisoma historia ya pwani ya Waswahili unagundua kwamba Wareno nao walianza kwa ziara fupi. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa Aprili 7, 1498, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameng'oa. Julai 1502 alisimama Kilwa kwa siku chache tu. Agosti 1505 Francisco de Almeida alipita Mombasa na hata wiki mbili hakumaliza. Hakuna aliyemuuliza yeyote kati yao taarifa za benki. Na kila ziara iliacha kitu huku au ilibeba kitu kwenda kule. Mimi nataka kuzungumzia kitu kimoja kilichobebwa, kwa sababu bado kiko Lisbon, unaweza kukitazama kwa macho yako, na jina la Kilwa limechongwa juu yake.

Karibu kila mgeni wa siku tatu huchukua tremu namba 15 kuelekea Belém. Belém iko magharibi mwa mji, kando ya mto Tejo, karibu na pale mto unapokutana na bahari. Ndiko merikebu zilikoondokea. Huko kuna monasteri ya Jerónimos, jengo jeupe lililochongwa mawe kama kitambaa cha kufumwa, ambalo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa asilimia 5 uliotozwa bidhaa za Afrika na Asia. Kuna mnara wa Belém ndani ya maji. Kuna duka la vikeki lililofunguliwa mwaka 1837, ambalo foleni yake inaweza kukufanya usahau kwamba umekuja likizo. Vasco da Gama mwenyewe amelala ndani ya kanisa la monasteri hiyo. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, na alipofika karne ya 19 walimleta pale kwa heshima kubwa. Watu hupiga picha kaburi lake, halafu wanatoka kwenda kula keki.

Lakini kabla tremu haijafika Belém, inapita chini ya kilima ambapo juu yake kuna jumba la kale lenye bustani inayoutazama mto. Mtaa wake unaitwa Rua das Janelas Verdes, yaani Mtaa wa Madirisha ya Kijani. Hilo ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Yalifunguliwa mwaka 1884, mwaka uleule ambao mataifa ya Ulaya, Ureno ikiwemo, yalianza kukaa Berlin kujadili nani achukue wapi Afrika. Wengi ndani ya tremu hawainui macho. Si kosa lao, wana siku tatu tu.

Ndani ya makumbusho hayo, kwenye vyumba vya kazi za masonara, kuna kabati la kioo lenye kitu kinachoitwa Custódia de Belém. Mkatoliki atakitambua mara moja. Ni kile chombo ambacho padri hukiinua ili waumini waione na kuiabudu hostia. Kile cha kawaida cha parokia huwa kama jua dogo lenye miale. Hiki ni kanisa zima lililopunguzwa likawa refu kidogo kuliko mkono wako. Kina minara, nguzo na matao, vyote vya dhahabu, na katikati mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na uso wake na vazi lake lililotiwa rangi. Shingoni kuna matufe ya pete zilizopishana, nembo ya mfalme Manuel I, mtu aliyependa sana kuwakumbusha watu kwamba dunia ni duara na sehemu kubwa ya duara hilo ni yake.

Kwenye kitako, kwa herufi za Kireno cha zamani, kuna maandishi yanayozunguka. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, na kwamba kazi ilimalizika mwaka 1506. Quíloa ni Kilwa.

Nimeona vitu vingi vya Afrika katika makumbusho ya Ulaya, kwa macho na kwenye skrini. Mara nyingi maelezo yake huwa ya aibu aibu: "kutoka Afrika Mashariki", "kilipatikana", "zawadi ya familia fulani". Neno "kilipatikana" limefanya kazi kubwa sana Ulaya. Hapa ni tofauti. Hapa mchukuaji amechonga risiti kwenye mali yenyewe. Manuel hakuona haya hata kidogo. Kwake yeye, kuandika kwamba dhahabu ilitoka Kilwa, na kwamba ilitolewa kama kodi ya utii, ndiyo iliyokuwa maana ya kuitengeneza. Alikuwa anamwambia Mungu, na jirani yake Mhispania akiwa anasikiliza: angalia nimefika wapi.

Sasa turudi upande wa huku tuone hiyo kodi ilitozwa vipi.

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo kusini mwa pwani ya Tanzania ya leo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita hapo akauhesabu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na yule bwana alikuwa ameona miji. Alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye jumba la Husuni Kubwa juu ya mwamba wa bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pande nane. Kilwa ilikuwa inatengeneza sarafu zake yenyewe. Moja ya sarafu hizo, yenye jina la al-Hasan huyohuyo, iliokotwa Zimbabwe Kuu, safari ya mbali sana kutoka baharini, na hapo ndipo hadithi ya dhahabu inapoanzia. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa na watu wa nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na Kilwa kwa miaka mingi ndiyo iliyoushika mlango wa Sofala. Nguo na shanga zilikwenda kusini, dhahabu na pembe zilipanda kaskazini.

Kwa hiyo Vasco da Gama alipotokea mbele ya Kilwa Julai 1502, katika safari yake ya pili, hakuwa amepotea njia. Alijua anachokitafuta. Mtawala aliyemkuta hakuwa sultani wa ukoo, alikuwa Amiri Ibrahim, mtu aliyekuwa amechukua madaraka na ambaye nyumbani kwake mwenyewe hakuwa salama sana. Gama hakuja na bidhaa za kubadilishana. Alikuja na mizinga. Masharti yalikuwa mafupi: ukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na ulipe kila mwaka, au mji uchomwe. Ibrahim alikubali. Kiasi kilichoandikwa ni mitikali 1,500 za dhahabu.

Mithkali ilikuwa kipimo cha Waislamu wafanyabiashara, gramu 4 na kitu. Ukizidisha unapata zaidi ya kilo 6. Na kama umewahi kufika Maputo ukabadilisha pesa, basi umelishika neno hilohilo mkononi. Sarafu ya Msumbiji hadi leo inaitwa metical.

Kwa malipo hayo Ibrahim alipewa barua ya ulinzi na bendera ya mfalme wa Ureno aipeperushe mjini kwake. Ulinzi dhidi ya nani, barua haikuwa na haja ya kueleza. Watu wa mitaani Nairobi wanaielewa biashara ya aina hii bila kufundishwa. Yule kijana anayekuja kukulindia gari lisiharibiwe, na wote wawili mnajua nani angeliharibu.

Nasimama kidogo kwenye hiyo bendera. Neno lenyewe ni la Kireno, bandeira. Tunaimba wimbo wa taifa tukiitazama bendera na hatukumbuki kwamba zile za kwanza kuitwa hivyo kwenye pwani hii zilikuwa za kudai utii. Kiswahili kiliwaokotea Wareno vitu vingi vya namna hiyo, karibu vyote vya nyumbani: meza, kasha, foronya, karata, mvinyo. Leso pia, ambayo watu wa Mombasa wanasisitiza ndiyo sahihi na kanga ni maneno ya watu wa mbali, ni lenço ya Kireno, kitambaa cha mkononi. Inashangaza kidogo. Miaka 200 hivi ya mizinga, na kilichobaki kinywani ni fanicha, karata na nguo za mama.

Baada ya Kilwa, Gama aliendelea kuelekea India. Miezi michache baadaye, katika safari ileile, aliisimamisha merikebu iliyokuwa inarudi kutoka Makka na mahujaji mamia, wanawake na watoto wakiwemo, akapora mali kisha akaichoma na watu ndani. Habari hiyo tunayo kwa sababu Wareno waliokuwepo waliiandika, na baadhi yao hawakuficha kwamba iliwatia simanzi. Nalitaja kwa sababu dhahabu ya Kilwa ilikuwa tayari imo ndani ya msafara. Ilikuwepo siku hiyo. Kisha ikafika Lisbon mwaka 1503, na mfalme akampa sonara aitwaye Gil Vicente kazi ya kuifanya chombo kitakatifu.

(Kuna Gil Vicente mwingine maarufu wa zama hizohizo, baba wa tamthilia ya Kireno. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni mtu mmoja. Ningependa awe mmoja, lakini kupenda si ushahidi.)

Miaka miwili baada ya dhahabu kufika, Ureno ilirudi na kundi kubwa zaidi la merikebu chini ya Francisco de Almeida. Hapo Kilwa, Julai 1505, moja ya malalamiko dhidi ya Ibrahim ilikuwa kwamba ile bendera haionekani ikipepea. Mji ulitekwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamvika taji mtu wao, Muhammad, ambaye mwaka uliofuata aliuawa. Wakaanza kujenga ngome. Kisha wakaja Mombasa.

Kuhusu Mombasa tuna maelezo ya kina yanayotajwa kwa jina la Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa kwenye merikebu ya São Rafael. Mji ulichomwa, na asubuhi yake askari wakaingia nyumba kwa nyumba, wakivunja milango kwa mashoka. Anataja vitambaa vya pamba vilivyokuwa vikingoja kupelekwa Sofala, hariri zenye nyuzi za dhahabu, na mazulia. Zulia moja lilikuwa zuri kiasi kwamba liliwekwa kando apelekewe mfalme wa Ureno. Zulia halikuwekewa maandishi wala kabati la kioo. Kilichobaki ni sentensi moja tu kwamba lilikuwepo.

Katika maelezo hayo kuna pia barua ya mfalme wa Mombasa kwa mfalme wa Malindi. Anaeleza kwamba aliporudi mjini hakukuta kitu chenye uhai, si mtu wala ndege, na harufu ya maiti ilikuwa kali asiweze kuingia. Kinachoniuma katika barua hiyo ni aliyeandikiwa. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu 1498, na uhasama wake na Mombasa ulikuwa wa zamani kuliko Gama. Mfalme wa Mombasa anamwandikia hasimu wake, mwenyeji wa hao hao waliomchoma, kwa sababu wao wawili bado ni watu wa pwani moja na mwingine wa kumwambia hakuna. Malindi walikuwa wamepewa nguzo ya mawe, ile ambayo watalii wa leo huitembelea pale ukingoni mwa bahari, na msalaba wake unaelezwa kuwa wa jiwe la chokaa kutoka Lisbon. Kwa hiyo Lisbon ina dhahabu ya Kilwa na Malindi ina jiwe la Lisbon. Biashara gani hiyo.

Shuleni tulifundishwa haya yote kwa pointi. Sababu za kuja kwa Wareno, pointi tano. Athari za utawala wa Wareno, pointi tano. Sababu za kuanguka kwao, pointi tano, na usisahau kutaja homa na umbali wa Ureno. Tulikariri tukapita mtihani. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba kuna kitu kimoja, cha kushikika, kilichotengenezwa kwa kodi ya mwaka fulani ya mji fulani wa Waswahili, na kwamba kiko kwenye mtaa wenye jina zuri katika mji ambao watu wanakwenda kula keki.

Kuna watu watauliza: si kirudishwe? Swali ni la haki, lakini jaribu kulifuata mpaka mwisho wake. Kazi ya sonara ni ya Lisbon. Dini iliyoitumia ni ile ambayo leo ina mamilioni ya waumini Kenya na Tanzania. Dhahabu ilichimbwa na mababu wa watu wa Zimbabwe, ikanunuliwa na matajiri wa Kilwa, ikatolewa na amiri ambaye watu wake wengine walimwona mnyang'anyi. Umrudishie nani? Shaba za Benin zina kasri lake zilikotolewa na mfalme aliye hai wa kuzipokea. Hiki hakina mlango mmoja wa kubishia. Mimi naona kianze kwa kutembea kwa njia nyingine: kikae kwenye vitabu vyetu vya shule kwa picha ya ukurasa mzima, na siku moja kiazimwe kije Dar es Salaam au Mombasa kwa miezi michache, kwa ziara fupi.

Lisbon yenyewe inahitaji kutazamwa ukijua mwaka. Chukua mwaka 1506 uliochongwa kwenye kitako. Aprili mwaka huo, kwenye kanisa la São Domingos katikati ya mji, ulianza uuaji wa watu wa asili ya Kiyahudi waliokuwa wamelazimishwa kuwa Wakristo. Uliendelea kwa siku tatu na kuua wengi. Kanisa bado lipo, ndani kuta zake zimebabuka kwa moto wa mwaka 1959, na nje kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa 2008. Uwanja huohuo ndio leo wakutanapo watu wa Guinea-Bissau, wazee wakipiga soga, akina mama wakiuza njugu na viungo vya kupikia vya nyumbani kwao. Ukiwa Mkenya mwenye upweke wa mji wa wageni, hapo ndipo miguu inapolegea. Hujui lugha yao, lakini kuna namna watu wanavyosimama.

Au chukua mtaa wa Rua do Poço dos Negros, mwendo mfupi kutoka kwenye makumbusho. Sasa una mikahawa ya vijana, kahawa za maziwa yasiyo ya ng'ombe, viti vya mbao nje. Jina maana yake ni Shimo la Weusi. Novemba 1515 Manuel, huyuhuyu wa chombo cha dhahabu, aliuandikia mji akiagiza lichimbwe shimo refu la kutupia maiti za watumwa, kwa sababu walikuwa wakitupwa ovyo na kuleta uvundo, na kwamba mara kwa mara limwagiwe chokaa. Katikati ya karne hiyo takriban mtu mmoja kati ya kumi Lisbon alikuwa mtumwa, wengi wao wakiwa Waafrika. Karibu na hapo palikuwa na mtaa wa Waafrika uitwao Mocambo. Leo unaitwa Madragoa, na miongozo ya watalii inausifu kwa vichochoro vyake.

Sisemi usiinywe hiyo kahawa. Inywe, ni nzuri. Ila unajua umekaa wapi.

Kwa bahati ya ajabu chombo chenyewe kimenusurika kila kitu. Manuel alikiachia monasteri ya Jerónimos katika wosia wake wa 1517. Novemba 1, 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani, tetemeko lilibomoa Lisbon, mto ukarudi nyuma kisha ukaja juu kama ukuta, na moto ukamaliza kilichobaki. Jumba la mfalme ukingoni mwa mto lilipotea pamoja na nyaraka na hazina za karne mbili za bahari. Ule uwanja mpana wa manjano ambapo kila mtu hupiga picha, Praça do Comércio, ndipo jumba hilo liliposimama. Jerónimos huko Belém ikabaki imesimama. Mwaka 1834 serikali ilizifunga nyumba za watawa na chombo kikapelekwa kwenye kiwanda cha sarafu, mahali ambapo dhahabu ya namna hiyo huenda kuyeyushwa. Mume wa malkia, Fernando II, mtu mpenda sanaa, ndiye aliyekiokoa. Kilwa ingekuwa imegeuka sarafu mfukoni mwa watu.

Wareno wengine wa baadaye walipenda kukumbuka kwa zege. Lile sanamu kubwa la Belém lenye umbo la merikebu, mwanamfalme Henrique akiwa mbele na mabaharia nyuma yake, wengi hudhani ni la kale. Lilitengenezwa kwanza mwaka 1940 kwa ajili ya maonyesho ya serikali ya Salazar, likavunjwa, likajengwa upya kwa kudumu mwaka 1960. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vikaanza Angola. Gama naye ana daraja lake tangu 1998, zaidi ya kilomita 12 juu ya Tejo, na duka kubwa la kisasa kando yake. Unaweza kununua soksi Vasco da Gama.

Na katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa ukoloni, pesa za Lisbon zilikuja Mombasa kwa njia nyingine. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na kuipoteza kwa Waomani Desemba 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, ilikuwa imetumika kama jela ya Waingereza. Ilipogeuzwa kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1960, uchimbaji na ukarabati wake ulisaidiwa na Wakfu wa Calouste Gulbenkian, wenye makao Lisbon. Makumbusho na bustani za Gulbenkian ni moja ya mahali pazuri pa kupumzikia mchana mjini humo. Kuna bata.

Kama viza haijatoka, kuna upande wa pili wa safari ambao hauulizi taarifa za benki. Mkenya anaingia Tanzania bila viza. Kutoka Dar es Salaam panda basi la Kilwa Masoko, kiasi cha kilomita 300. Ukifika, pitia ofisini ulipie kibali, kisha vuka kwa boti hadi Kisiwani. Msikiti mkuu upo, kuba zake nyingine bado zinashika. Husuni Kubwa ipo juu ya mwamba, na bwawa lake la pande nane sasa linamea majani. Siku mbili zinatosha kama huna haraka. Mahali boti inapokushushia, kitu cha kwanza kinachosimama mbele yako ni ngome. Ya kwanza kujengwa hapo ilikuwa ya Almeida, 1505, na Wareno waliiacha mwaka 1512. Sehemu kubwa ya unayoiona waliijenga Waomani baadaye. Wenyeji wanaiita Gereza. Neno hilo nalo ni la Kireno, igreja. Maana yake ni kanisa.